Mswaki wa Bi Pole

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kona ya mdomo imevimba tena. Upande wa kushoto, palepale pa siku zote. Nimeuona uvimbe baada ya sala ya alfajiri, kwa tochi na miwani. Unapona, unarudi. Unapona, unarudi. Alipokuwa hai Mwahija, kinyonga huyu hakuwahi kuugua hata siku moja. Amekufa Mwahija, na sasa mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nauguza mdomo wa mnyama asiyezidi urefu wa kiganja changu.

Niandike kwa utaratibu. Mtu asiyeandika kwa utaratibu huwaza ovyo.

Kinyonga ni wa marehemu mke wangu. Alimwokota kwenye mhina wa uani, watoto wa mtaa walipokuwa wakimtupia mawe. Akamwita Bi Pole. Kivinje nzima ilishangaa. Hapa kwetu mtu akimwona kinyonga njiani hugeuza akarudi alikotoka. Mke wangu alimweka begani, juu ya kanga, akaenda naye sokoni kununua nazi. Wachuuzi walimpa nafasi ya kutosha! Mimi nilipinga. Nilipinga kwa hoja. Mwahija alisikiliza hoja zote, kisha akampa Bi Pole panzi.

Jioni amepiga simu Kazija, mdogo wa marehemu, aliyeolewa Kiranjeranje. Arobaini ni Jumapili ya wiki ijayo. Vitu vya marehemu vitagawanywa siku hiyo kama ilivyo desturi: kanga kwa ndugu zake, vyombo kwa mabinamu. Nimeuliza habari za Bi Pole. Amesema Bi Pole naye ni kitu cha marehemu. Nimemweleza kwamba chenye uhai hakiitwi kitu. Amesema, "Shemeji, usinisomeshe leo." Kisha ametoa sharti. Ataukagua mdomo kwa macho yake. Ukiwa safi, kinyonga anabaki kwangu. Ukiwa umevimba, anaondoka naye.

Vyema. Utakuwa safi. Nimekagua vinywa vya watoto wa wilaya hii maisha yangu yote ya kazi. Sishindwi na kimoja.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Mpango umekamilika. Ni mwepesi mno hata nashangaa kwamba haujafikiriwa na mtu mwingine.

Mswaki!

Mimi nina meno yangu karibu yote. Kwa nini? Kwa sababu napiga mswaki kabla ya kila sala, tangu utotoni, kama tulivyofunzwa chuoni. Kinywa kinachosafishwa kabla ya kila sala hakipati nafasi ya kuoza. Basi Bi Pole naye atapiga mswaki kabla ya kila sala. Nimekata kijiti kipya, nikakitafuna ncha mpaka ikawa laini kama manyoya. Vijiti viwili kwenye kisahani kimoja: changu kirefu, chake kifupi.

Tatizo ni kuufungua mdomo. Hafungui kwa kuombwa. Nimechomoa njiti ya chelewa kwenye ufagio mpya, nikaipitisha taratibu pembeni mwa taya, nikainua. Amekuwa mweusi kama masizi. Amenikoromea. Hasira za siku ya kwanza tu. Darasa la kwanza wote huwa hivyo.

Bi Mboni ameona. Ni jirani yangu, muuza vitumbua, na ukuta wa ua wetu ni mfupi kuliko adabu inavyotaka. Ameniuliza kama kinyonga anajiandaa kuswalisha. Ameendelea kusema kwamba yule ni mkosi, kwamba mtaa mzima unajua kilichomwua Mwahija, na kwamba nimtupe huyo mdudu. Nimemsahihisha: Mwahija aliuawa na figo, na kinyonga si mdudu, ni mtambaazi.

Akasema basi nimtupe huyo mtambaazi.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Uvimbe umeongezeka. Ajabu! Mswaki haukukosekana hata mara moja. Leo alfajiri nimemsugua mara mbili kwa tahadhari.

Nimefikiri labda ni hewa. Chumba cha mgonjwa hufukizwa. Nimeweka chetezo chini ya tawi lake, nikatia ubani kwa wingi. Moshi ulitanda mpaka Bi Mboni akauliza kutoka upande wake kama naunguza nyumba au nafunga ndoa. Mimi nimekohoa. Bi Pole amefumba jicho moja, akaniangalia kwa jingine, kisha akalifumba na hilo.

Chakula nacho ni shida. Wenye mikorosho wanapuliza salfa msimu huu, panzi wameadimika. Nimempa mende wa jikoni, mkubwa, mwenye miiba miguuni. Alimvuta kwa ulimi, akatafuna, kisha akaacha. Mguu wa mende ulibaki ukining'inia kwenye kona ya mdomo, upande uleule mbovu. Nimeuchokonoa kwa chelewa. Damu kidogo. Nimeisafisha kwa mswaki.

Bi Pole amelala tangu Adhuhuri, na si desturi yake. Nimekuwa nikimgusa kila mara kuona kama yu hai. Hospitalini nilifanya hivyohivyo. Mwahija akisinzia, namwamsha nimwulize kama anapata usingizi. Muuguzi alinitoa nje. Wauguzi wa siku hizi hawana malezi.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Baada ya sala ya Ijumaa nimempeleka Bi Pole kwa Musa, bwana mifugo. Nilimbeba ndani ya kofia yangu. Msikitini watu walidhani nimebeba sadaka, wawili wakasogea. Walipochungulia walirudi nyuma mpaka kwenye viatu.

Musa nilimfundisha. Hakuelewa upatanisho wa kisarufi mpaka anamaliza shule. Lakini amesimama, akasema "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti iliyo sawasawa. Nimeitikia. Nimefunua kofia. Akasema kwamba yeye amesomea ng'ombe, na kwamba kwa mujibu wa sheria huyu si mfugo, ni mnyama wa porini, nyara ya serikali. Mimi, mwenye nyara, na nimevaa kanzu! Akacheka. Akasema tumponye kwanza, mengine baadaye, na kwamba siku moja itabidi arudi mtini.

Amempigia simu mwenzake anayejua watambaazi. Wamezungumza kwa muda. Nimeelewa hivi: kwenye kona ya mdomo wa kinyonga pana kifuko kidogo cha tezi. Uchafu wa chakula ukinasa humo, au ngozi ya mdomo ikichubuka, kifuko huziba na kutunga usaha. Musa amekikamua kwa kidole na pamba, ukatoka usaha mgumu kama samli iliyoganda. Harufu yake siiandiki. Akaosha kwa dawa, akaniambia kuosha huko ni kazi yake, si yangu.

Tena akaniwekea masharti. Apate jua la asubuhi. Maji yadondoke kwenye majani ayalambe mwenyewe, kwa kuwa kinyonga hajui bakuli. Apewe panzi laini, waliotolewa miguu ya nyuma. Chumbani pasiwe na kioo, maana anajiona, anadhani ni adui, anakosa raha na mwili unadhoofika. Na zaidi ya yote, nimwache. Asishikwe. Mdomo usifunguliwe.

Hapo akaniuliza kama kuna kitu ninachomtia kinywani.

Nimemjibu kwamba hakuna kitu kisicho cha kawaida. Ni kweli tupu. Mswaki ni kitu cha kawaida kabisa.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Nimetekeleza kila sharti. Kopo limetobolewa, limening'inizwa, linadondosha maji juu ya majani ya mhina. Bi Pole analamba. Kioo cha kabati la Mwahija kilikuwa kizito kukihamisha, nimekifunika kwa kanga yake, ile ya zambarau aliyokuwa akipikia.

Leo alfajiri nimeingia na taa kufanya ukaguzi. Nikaiona kanga imesimama pale pembeni. Nikasema, "Umeshaamka?"

Kisha nikakumbuka.

Nimekaa kitandani mpaka jua likatoka. Bi Pole ametambaa ukutani, akapanda kanga ile, akafika juu kabisa, mahali ambapo pangekuwa bega. Akawa kijani. Kijani cha majani machanga ya muhogo. Mikononi mwangu hajawa kijani hivyo hata siku moja.

Mchana nimekwenda kuwinda panzi uwanja wa mpira. Nimepandisha kanzu, nimeshika chandarua kibovu. Mechi ilisimama. Vijana wakanishangilia, mmoja akasema Mwalimu apewe jezi. Nimewapata panzi wa kutosha, nikachelewa kurudi, mswaki wa Adhuhuri ukapita na wa Alasiri ukapita. Nimehuzunika sana kwa uzembe huu.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Uvimbe unayeyuka! Siku zote hizi nimekuwa uwanjani na chandarua. Mswaki umepigwa asubuhi tu, tena kwa haraka. Na bado unayeyuka! Ndiyo maana nasema panzi ni dawa.

Bi Mboni amechungulia juu ya ukuta, akatazama sana. Amekiri kwamba mtambaazi ana sura ya mtu aliyelala vizuri. Amenipa vitumbua. Nimevila vyote na chai ya rangi, wa kwanza kunifanya nishibe tangu msiba. Nikataka kumsahihisha kwamba ni "vya kwanza", si "wa kwanza". Alikuwa hajasema neno. Ni mimi niliyekosea, hapo juu. Nimechoka.

Sasa nina hofu mpya. Mdomo umekuwa safi mapema mno. Arobaini bado. Kitu kilicho safi huchafuka. Hakuna kingine kinachoweza kukipata. Lazima kilindwe. Narudisha mswaki kamili kuanzia kesho, na safari hii na chumvi.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Wageni wameanza kuingia. Uani pamejaa masufuria. Bi Mboni ameshika mwiko na anawaamrisha wanawake wa Likawage, nao wanatii. Wananiuliza vikombe viko wapi. Mimi sijui vikombe viko wapi. Mwenye kujua vikombe viliko ndiye anayesomewa hitima kesho.

Nimejifungia chumbani kwa ukaguzi wa mwisho. Tochi. Miwani. Chelewa. Kona ya kushoto: safi. Kona ya kulia: safi. Ndani ya taya ya chini: doa jeupe! Dogo kama kichwa cha pini. Usaha unaanza, na Kazija yuko njiani! Nimesugua. Halikutoka. Nimesugua kwa nguvu. Bi Pole alikuwa mweusi, kisha akawa rangi ya kijivu ambayo sijawahi kuiona, akaacha kukoroma, akaniacha tu nifanye. Nimesugua mpaka doa likatoka, likabaki kwenye ncha ya mswaki. Damu ikafuata.

Nimeliweka doa kidoleni. Nimelionja.

Chembe ya chumvi. Ya kwangu mwenyewe.

Baadaye nitatumia chumvi iliyosagwa laini.

Jumapili, 18 Agosti 2024

Arobaini.

Umevimba. Kabla ya jua kuchomoza ulikuwa umevimba, kushoto, umejaa kama punje ya kunde.

Nilikuwa na mpango. Nimekata tawi la mhina, nikalisimamisha ndani ya mtungi kwenye kona yenye giza, nikamweka Bi Pole shavu bovu likielekea ukutani. Kazija angeona shavu zima, angeridhika, angeondoka. Mpango mzuri. Haukuzingatia kwamba kinyonga akiwa na mgeni hugeuka.

Kisomo kimesomwa, wali umeliwa. Mzee mmoja amemsifu marehemu kwa upole wake na mimi kwa subira yangu. Nimeinamisha kichwa. Kisha Kazija ameingia chumbani na dada zake, wamefungua kabati, wamegawana kanga bila kelele, kila moja wakiinusa kabla ya kuikunja. Nilidhani amesahau.

Hakusahau. Alisimama mbele ya mtungi. Bi Pole alizungusha jicho, kisha shingo, kisha mwili wote. Shavu likaonekana.

Nimeeleza. Nimeanza na salfa, nikaja kwenye mende, nikaja kwenye hewa ya Kivinje. Kazija hakunitazama. Alikuwa anatazama kisahani. Vijiti viwili, kirefu na kifupi. Chelewa. Chumvi.

Akauliza kile kifupi ni cha nani.

Nilikisogeza kisahani nyuma ya mtungi, naye hakuuliza tena. Alinyoosha kidole kwenye tawi. Bi Pole alitoka tawini mwenyewe, mguu mmoja, akasita, mguu wa pili, kama kawaida yake, akapanda mkono, akapanda mpaka begani. Wale dada wakarudi nyuma hadi mlangoni. Kazija akakaa kitandani upande wa Mwahija akalia. Nilitegemea matusi. Matusi ninayaweza.

Akasema dada yake alimwambia kule hospitalini, siku za mwisho: "Kazija, Bi Pole usimwachie Mwalimu. Anampenda, lakini atamsahihisha mpaka afe."

Nilitaka kumwuliza ilikuwa siku gani, saa ngapi, na mbele ya nani.

Ameondoka naye. Ameichukua pia ile kanga ya zambarau, kwa kuwa ni fungu lake. Kioo kimebaki wazi. Ndani yake yumo mzee mmoja.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Nimeamka alfajiri, nimetia udhu, nimechukua kisahani. Nimetafuna ncha za vijiti vyote viwili, changu na chake, kabla sijatambua.

Kopo bado linadondosha maji kwenye mhina. Hakuna anayelamba. Nimekaa kulitazama mpaka maji yakaisha. Nimelijaza tena.

Bi Mboni ameleta vitumbua, ameviweka juu ya ukuta na kwenda zake. Hakusema lolote. Hata kejeli moja! Nilimsubiri. Nilikuwa na jibu tayari.

Panzi waliobaki kwenye chupa nimewaachia uwanjani. Walikuwa hawana miguu ya nyuma. Hawakufika mbali.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Simu kutoka Kiranjeranje! Bi Pole amepona. Kazija amesema amemweka kwenye mlimau wa uani, anakula anachokiona, analamba umande, na kwamba katika nyumba ile hakuna mtu aliyemgusa mdomo tangu afike. Musa alipita kule kuchanja kuku, akamtazama, akasema kona zote mbili ni safi na hakuna dalili ya kurudi. Musa anasema kilichomponya ni kuachwa.

Musa hakuwahi kuwa mzuri wa kutafuta chanzo na matokeo. Jambo liko wazi. Usafi hufanya kazi polepole, kama elimu yoyote ya maana. Mswaki wa Agosti umezaa Septemba. Kama ningeendelea na chumvi laini, angepona hapahapa, mikononi mwangu, na angekuwa sasa hivi juu ya kabati.

Nilitaka kumweleza Kazija hayo kwa ufasaha. Lakini alikuwa ameshaanza kusema jingine, kwa sauti ndogo inayofanana mno na ya dada yake. Amesema anajua nyumba imekuwa kimya. Amesema nije kesho. Nikae barazani kwake, ninywe uji, nimtazame Bi Pole nitakavyo, mchana kutwa nikitaka. Kwa sharti moja tu: "Mikono mifukoni, shemeji. Muda wote."

Nimekubali mara moja. Nimeapa.

Nimepiga pasi kanzu ya Ijumaa. Mfuko wake ni mrefu kuliko mifuko ya kanzu nyingine zote. Fundi alikosea kipimo, na Mwahija aliniambia nisimrudishie, iko siku utanifaa. Nimechonga kijiti kipya, chembamba, laini kuliko vyote vilivyotangulia. Nimejaribu mara kadhaa mbele ya kioo, nikikaa, nikisimama, nikiinama kama mtu anayetazama tu.

Kimeingia chote. Haionekani hata ncha.